Neno Abamenya na Kaburi la Mama Nasambu

Malava, Kakamega
11 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Jairus,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini huko Ujerumani u mzima na kile kifua hakikusumbui tena. Sisi miili haina neno, mvua inanyesha na mahindi yameshika vizuri. Roho yangu ndiyo inachemka. Naandika barua hii, na binti yangu Shantel ataipiga picha akutumie leo hii, maana ukipigiwa simu unaongea wewe tu.

Unajua mama mkwe wangu, Mama Nasambu, alitutoka Jumapili. Jumamosi hii inayokuja tulipanga kumlaza kando ya mumewe. Baba yetu mdogo Phanuel amezuia kaburi lisichimbwe. Anasema watu wa mume wangu Khaemba ni abamenya, wageni waliokaribishwa tu na babu yetu, kwa hiyo warudi na maiti yao walikotoka. Na shahidi wake ni nani? Ni wewe!

Ni ile sauti uliyotuma kwenye kundi la familia ukieleza kazi yako. Hivyo vipande vya vinasaba vinavyohamahama, hukuona jina lingine la kuvipa? Ukaviita abamenya, tena ukicheka. Eti viliingia zamani, vikajinakili, vikajipachika huku na huku mpaka karibu nusu ya vinasaba vya mtu ni vyao, na kwa mahindi ni zaidi. Eti vingine huvunja jeni nzima vikaleta ugonjwa. Phanuel aliicheza hadi hapo tu, mbele ya ukoo wote.

"Mmesikia? Hata sayansi imesema. Omumenya mmoja ukimuachia kona, anamalizanga boma yote!"

Watu walipiga makofi na Khaemba ameketi pale pale. Nina hasira, Jairus.

Nilipofika nyumbani niliisikiliza yote. Kumbe kuna nusu ya pili! Unasema vingi vimenyamaza, na vingine vimekaa hadi vikapata kazi mwilini. Unasema jeni inayosaidia kuunda kondo la nyuma ilitoka kwa kirusi cha kale, na bila mgeni huyo hakuna mmoja wetu angezaliwa. Lakini hayo uliyasema kwa Kiingereza! Ilibidi Shantel anifasirie. Tusi umelitoa kwa lugha yetu, dawa yake ukaifungia kwenye lugha ya shule. Akili gani hiyo?

Pole zako sizitaki. Nataka sauti nyingine kabla ya Ijumaa, yenye neno lile lile, abamenya, na umalize hadithi kwa lugha uliyoianzia.

Ukikosa maneno, kumbuka Mama yetu alikuzalia hapa nyumbani na mkunga alikuwa Nasambu. Kondo lako alilizika yeye, kwa mikono yake, nyuma ya jiko letu. Lako lilipata nafasi katika udongo huu. Yeye bado yuko mochari.

Shantel anakusalimu. Khaemba naye, baada ya yote haya, ameuliza kama kifua chako kimepona.

Mungu akulinde, na akufungue mdomo.

Dada yako akupendaye, mke wa omumenya,
Maximilla