Zamu ya Mkokoteni

Mjukuu wangu Wanjiru,

Sasa? Usicheke, hata shosho yako anajua kusema hivyo. Hapa Gatuanyaga tuko wazima. Yule ng'ombe mweusi amezaa, na mama yako huko Kamenu anauliza kama unakula vizuri.

Umeniuliza tutafanya nini mafuta yakizidi kuadimika. Kweli, mjomba wako siku hizi hushinda na pikipiki yake kwenye foleni ya petroli. Lakini mimi siogopi.

Nikiwa msichana, dizeli ilikosekana na lori la maziwa likaacha kuja. Kila nyumba ikawa inabeba mkebe wake kwa miguu hadi Thika. Tulikuwa tukipitana barabarani, tunasalimiana vizuri sana, na huku nyumbani magugu yanameza mahindi. Mama yangu ndiye aliyekasirika: "Kwani tunalima kwa ngwatio, leo kwako, kesho kwangu, lakini maziwa kila mtu na yake?" Kesho yake tukapakia mikebe yote kwenye mkokoteni wa punda wa jirani. Nyumba moja ikaenda, sisi wengine tukabaki kupalilia. Na huyo punda alikuwepo siku zote! Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Safari hii hatungoji. Jumapili baada ya kanisa tulipanga zamu za kupeleka maziwa na mboga sokoni, na mkokoteni umeshatiwa magurudumu mapya. Wewe nimekuandika wiki ya Krismasi. Uje na viatu vya kutembea.

Shosho yako