Sahihi ya Linda

Ijumaa, 14 Machi 2008

Eti sikutoa notisi! Huyo mwanamke hana haya. Linda, meneja wetu pale nyumba ya wazee Moseley, huku ughaibuni, ametangaza mbele ya wenzangu kwamba mshahara wangu wa mwisho ataushikilia, kwa sababu hajaona barua yangu ya kuacha kazi.

Nilimwacha aongee. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo. Nikamuuliza tena, kila mtu asikie vizuri.

Halafu nikatoa nakala. Nilikuwa karani Kakamega miaka sita, na kwetu barua haikutoki mkononi kabla mpokeaji hajasaini nakala yako. Mwezi uliopita nilipomwomba asaini alicheka, akauliza kama hayo ni mambo ya Afrika. Akasaini, na tarehe akaweka.

Leo nikamwekea mbele sahihi yake mwenyewe. Mama Baraka, yule Mkongo wa zamu yangu, akasema kwa sauti, "Dada, umemumaliza!"

Ningeweza kumwonyesha ofisini, tukiwa wawili. Najua. Jumapili nitatubu.

Ameahidi kunilipa Jumatatu. Nikampa karatasi na kalamu, aandike hivyo na asaini.

Safari hii hakucheka.