Wastani wa Kwaya Yetu

Mwalimu wangu,

Mchana huu nilisinzia kwenye benchi la kanisa, nikakuona. Ulikuwa umesimama mbele yetu kama zamani, mkono juu, ukingoja tunyamaze utupe do ya kuanzia wimbo. Hukutupa. Ulifungua lile daftari lako la bluu ukaanza kusoma namba, pole pole, na mimi nikaamka nikilia.

Daftari ninalo. Mkeo, Mama Mutua, alinipa baada ya kukuzika, na wazee wa kanisa wakanipa kwaya yako. Nimelisoma lote. Tulipokuwa tukishindana hapa Kambu tu, na kwaya mbili tatu za majirani, tulikuwa namba moja kila mara. Kisha ukatupeleka Malili, ukatupeleka Makindu, ambako kwaya zilikuwa nyingi hadi nyingine zikangojea nje juani. Huko tukawa namba saba, namba tisa, namba tisa tena. Na wewe, mwalimu wa hesabu, ukajumlisha zote, ukagawanya.

"Wastani imeshuka, Mueni," uliniambia. "Nyinyi mlikuwa watu ya namba moja. Ni mimi nimewaharibu." Ukaacha kwaya. Kabla mvua haijarudi, ukatuacha na sisi.

Nimekukasirikia, nisikufiche. Mtu mwenye akili zako! Hapa Kambu hatukushuka hata siku moja. Ukurasa wa mwisho unasema hivyo, kwa mwandiko wako. Na hiyo namba moja yetu ilisikiwa na nani? Mama zetu, na mbuzi wa mchungaji. Tisa ya Makindu ilisikiwa na watu waliotoka mpaka Kitui. Wewe ukazitia zote katika sufuria moja, ukakoroga.

Sasa sikia. Wiki jana nilikwenda kwa shangazi yangu, kule Kitui. Nilikuwa nikipanda kilima, jua limelainika, vumbi limesimama hewani, nikasikia wimbo wako wa mvua. Ule uliotupa namba tisa Makindu. Nilidhani naota. Walikuwa wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wamejipanga na majembe wakichimba makingamaji katika shamba la mwenzao, na jembe linashuka pale pale ulipokuwa ukishusha mkono. Sauti ya pili waliikosea, ile uliyonigombeza kwayo mwezi mzima. Sikuwasahihisha. Nilimuuliza mmoja waliutoa wapi.

"Tulisikia Makindu," akasema. "Hiyo kwaya hata sijui ilikuwa namba ngapi."

Nilikaa chini kando ya njia, Mwalimu. Nilitaka sana uwe hapo. Ulikufa ukidhani umetushusha, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kaburi.

Lala sasa. Mwezi wa nane tunarudi Makindu. Nakuahidi, namba nitaiandika, hata ikiwa ya mwisho, maana daftari ni lako. Lakini sitagawanya.

Mueni wako, wa sauti ya pili