Kamati ya Kumnenepesha Hanimuni

Jumapili, 3 Agosti

Na tena si kweli kwamba hatukwenda hanimuni. Hanimuni ilitujia sisi, kwa miguu minne! Wenzetu wanakwenda Mombasa, wanarudi na ngozi iliyobabuka na picha za mchanga. Sisi tulisema hizo pesa za safari tununue ng'ombe mwenye mimba. Nikamwambia Kituyi jina nitampa mimi: Hanimuni. Alicheka mpaka akakaa chini. Mume wangu akicheka hufumba macho — jamani, yale macho yakifumbwa! Ningeweza kuolewa naye tena kesho.

Hanimuni alitoka kijiji cha Ziwa, mweusi na mweupe, kope ndefu kunishinda mimi siku ya harusi. Anakaa nyuma ya nyumba yetu hapa Kiplombe, banda jipya la mabati, Kituyi alipigilia misumari mwenyewe akitoka kazini. Anazaa wakati wowote kuanzia sasa. Kila asubuhi tunakwenda kumtazama tukiwa tumeshikana mikono. Majirani wanatuona wajinga. Watuone tu.

Shida yetu ni moja. Kamati ya harusi.

Kamati za watu wengine huisha. Wanakula pilau la mwisho, wanashukuriana, kila mtu anakwenda kwake. Yetu imekataa kufa. Tumeoana Juni, na mpaka leo mwenyekiti, Mzee Oyugi, anafungua vikao. Anasema kazi haitaisha mpaka "mali ya harusi izae". Basi kila Jumapili baada ya kanisa wanakuja kumwona ng'ombe, na kwa sababu mtu haendi kumwona mjamzito mikono mitupu, kila mmoja anakuja na chakula. Cha ng'ombe! Mzee Oyugi huleta machicha ya pombe, yananuka banda zima. Mama Marion, mweka hazina, huleta ugali uliolala na majani ya viazi. Wanyoike, katibu, ana duka la agrovet, la dawa na vyakula vya mifugo. Yeye huleta unga wa ng'ombe wa maziwa na lile jiwe la chumvi la kulamba, halafu anasimama pembeni kama mtu aliyejenga shule.

Hanimuni hakatai kitu. Mgongo umekuwa meza. Kituyi aliweka kikombe cha chai pale juu na hakikumwagika.

Nimemwambia Kituyi awaambie inatosha. Akasema, "Nanzala wangu, hawa watu walitubeba." Kituyi ni mtu ambaye ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anakuomba msamaha. Nampenda hivyo hivyo.

Jumatano, 6 Agosti

Daktari Nasteha alikuja kwa jirani kutibu mbuzi, akachungulia kwetu juu ya ua. Ndiye daktari wa mifugo wa upande huu, mama mrefu mwenye gambuti na maneno machache. Aliuliza kama huyu ni ng'ombe au ni tanki la maji.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akaingia, akamshika Hanimuni mkiani, vidole vikazama kwenye mafuta. Akauliza tunampa nini. Nikamwambia kwa fahari! Akafunga macho kidogo, si kama Kituyi anavyofumba. Akasema ng'ombe aliyekaushwa maziwa akingoja kuzaa hapewi karamu. Apewe nyasi kavu, maji, na unga kiganja tu siku za mwisho, tumbo lianze kuuzoea. Na lile jiwe la chumvi tulitoe kabisa. Lile ni la ng'ombe anayekamuliwa.

"Mwambie mzee wa nyumba," akasema.

Mzee wa nyumba! Kituyi wangu ana miaka ishirini na saba. Alipotoka kazini nikamwita hivyo mpaka akaona haya. Halafu tukatoa jiwe.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamefanya kikao cha dharura bandani. Dharura gani? Wanyoike alipita akaona jiwe lake limewekwa nje kwenye mvua.

Nikaeleza maneno ya daktari. Nilieleza vizuri, kwa upole, nikiwa nimeshika trei ya chai. Mama Marion akaniuliza kama huyo daktari amewahi kuzaa. Wanyoike akasema madaktari wana wivu na watu wa maduka. Mzee Oyugi akaleta hoja: je, mama mjamzito anyimwe chakula katika nyumba iliyojengwa na kamati hii? Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Waliopinga: hakuna. Mimi na Kituyi hatukuhesabiwa, sisi si wanakamati.

Jiwe likarudi ndani. Mama Marion akalipangusa kwa leso yake mwenyewe, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Wanyoike akaongeza gunia.

Nilimtazama Kituyi. Alikuwa anamwongezea Mzee Oyugi sukari.

Jumatatu, 11 Agosti

AMEZAA! Jike! Mweusi, na doa jeupe kwenye paji kama ametiwa unga. Kituyi alilia. Mimi nililia kwa sababu yeye alilia. Tulikaa kwenye nyasi tumekumbatiana, tumeloa, tunanuka vibaya, na sijawahi kuwa na furaha kama hii. Mombasa wana nini?

Ndama alinyonya akashiba. Kondo la nyuma likatoka lenyewe, vizuri.

Kabla hatujanawa mikono, kamati ilikuwa langoni. Na majagi! Kila mtu na jagi lake. Mzee Oyugi akasema maziwa ya kwanza ni ya kamati, yachemshwe yagande, kila mmoja aonje baraka ya harusi. Nikasema labda tumkamue kidogo tu, leo amechoka. Mama Marion akasema, "Bibi harusi, wewe pumzika." Akakunja mikono ya gauni akaketi kukamua mwenyewe. Alikamua mpaka tone la mwisho, titi kwa titi, mpaka kiwele kikawa kama soksi. Wakashangilia. Wakapiga picha na majagi.

Mimi sipo kwenye hizo picha. Nilikuwa nampa Hanimuni maji ya uvuguvugu.

Jumanne, 12 Agosti

Ameanguka. Asubuhi tulimkuta amelala, shingo imekunjwa upande, pua kavu, masikio baridi kama ya maiti. Tukamsukuma, hata hakutuangalia. Kituyi alikimbia bila viatu kumwita daktari.

Baadaye — ameamka! Mungu wangu, ameamka!

Daktari Nasteha alikuja na chupa ya dawa ameiweka ndani ya koti, kwapani, ipate joto. Aliiingiza kwenye mshipa wa shingo polepole, sikio kwenye kifua cha ng'ombe, akatunyamazisha sisi sote. Chupa haikuwa imeisha, Hanimuni akaanza kutetemeka. Akateuka! Akanya! Sijawahi kufurahia mavi namna hii. Halafu akajikusanya, akasimama, miguu inayumba kama mlevi.

Nikamkumbatia daktari. Hakupenda.

Kituyi akauliza tatizo ni nini wakati tulimpa ile chumvi kwa wingi. Akasema ndilo tatizo. Ng'ombe ana ghala la chokaa ndani ya mifupa. Lile jiwe limejaa chokaa; mkimletea mdomoni kila siku, mwili unasahau kufungua ghala. Siku ya kuzaa maziwa yanavuta chokaa yote kwa ghafla, na mlango wa ghala umeshika kutu. "Na mkamkamua mpaka mwisho siku hiyo hiyo. Nani alikamua?"

"Ni kamati," nikasema.

Daktari alinitazama. Akauliza ng'ombe huyu ana kamati?

Jumamosi, 16 Agosti

Hanimuni amezama kwenye mapenzi! Nasema kweli. Leo asubuhi niliweka shavu langu kwenye uso wake na pumzi yake inanukia tamu, tamu kabisa, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikamwita Kituyi anuse. Akanusa ng'ombe, akaninusa mimi shingoni, akasema mshindi ni mimi. Alichelewa kazini, lawama ni yangu.

Ila hataki unga. Anaugeukia mgongo. Nyasi anachezea tu kwa mdomo. Maziwa yamepungua na analamba ukuta wa banda.

Mama Marion anasema anaringa, ni mzazi mpya, hata yeye alipomzaa Marion aliringa. Ameleta molasi.

Jumapili, 17 Agosti

Nilimpigia daktari simu, lakini nilianza na ile habari ya pumzi tamu kwa sababu niliiona nzuri. Hakuningoja nimalize. Akasema anakuja sasa hivi.

Sikujua. Ile harufu niliyoiona mapenzi ni ugonjwa. Ng'ombe aliyezaa akiwa mnene hana hamu ya kula, na maziwa yanadai chakula, kwa hiyo anayeyusha mafuta yake mwenyewe. Mafuta yanayeyuka mengi mno, ini linajaa, damu inageuka, na ile sumu inatokea puani ikinukia matunda. Anajila. Hanimuni wetu anajila mwenyewe mbele yetu, nasi tunamnusa na kuchekeana!

Amenyweshwa dawa tamu kwa chupa na kuchomwa sindano. Dawa ya kunywa tutaendelea nayo sisi, asubuhi na jioni. Nikamwuliza daktari atapona? Akasema ini likikubali, atapona. Lisipokubali ataanguka tena, na safari hiyo chupa ya kwapani haitamwinua. Tutazame kama anacheua. Siku atakayocheua vizuri, tumpigie. Akilala asiamke, pia tumpigie.

Kamati ilifika daktari akiwa anafunga mkoba. Nilitaka waone haya. Haya gani! Mama Marion akasema ni jicho baya la majirani. Wanyoike akasema pengine ule unga ulikuwa wa aina ya chini, atatuletea wa juu. Mzee Oyugi akafungua kwa maombi na akafunga kwa maombi, na katikati akasema vijana wa siku hizi hawajui kutunza mali wanayopewa. Wanayopewa! Tulimnunua sisi, kwa hanimuni yetu.

Hakuna hata mmoja aliyemgusa ng'ombe. Lakini machicha waliacha.

Walipoondoka Kituyi alibeba machicha yote akayamwaga shimoni. Sikuwahi kumwona amekasirika. Nilidhani angekuwa mtu mwingine, kumbe ni yeye yule, ila macho yamefunguka wazi.

Jumanne, 19 Agosti

Amesimama tangu asubuhi, lakini taya halisogei. Mifupa ya nyonga imeanza kutokeza, wiki moja tu! Tunamnywesha pamoja. Kituyi anashika kichwa, mimi namimina pembeni mwa mdomo polepole, nusu inaingia, nusu inamwagikia gauni langu la send-off, lile la maua. Liharibike.

Ndama anampigia kelele. Yeye hageuki.

Saa kumi hivi tukasikia lango. Mzee Oyugi, peke yake, gunia begani. Kituyi alitangulia akasimama katikati ya lango na mikono yake miwili akashika miti ya huku na huku. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia yote.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Pisha, hili ni zito."

"Mzee, ng'ombe hapokei wageni."

Mzee Oyugi akauliza kama amesikia sawa. Kituyi akarudia, polepole. Akasema pia chakula hakiingii tena. Mzee Oyugi akaweka gunia chini. "Kituyi. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikakuombea harambee ya suti." Kituyi akasema anajua, anashukuru, na suti anayo. Lakini hakusogea! Hakusogea hata kidogo! Nilitaka kumbusu hapo hapo mbele ya mwenyekiti.

Mzee Oyugi akasema basi haya si ya mtu mmoja, atarudi na kamati nzima, waje waketi hapa wayatatue. Nikaona Kituyi anaanza kutazama chini. Nikapita chini ya mkono wake nikatokea mbele.

Nikasema, "Mzee, msisumbuke kuja. Tutakuja sisi. Mimi na yeye, nyumba kwa nyumba, kuwashukuru na kuwaaga, tunaanza kwako, kabla ya mwezi kuisha."

Akanitazama. Akauliza tutakuja na maziwa, au tutakuja na nini?

Niligeuka kuangalia bandani. Hanimuni ameweka mdomo juu ya nyasi. Ameuweka tu, hajaufungua.

Nikamwambia tutakuja, Mzee. Kabla ya mwezi kuisha mtatuona.