Vyuma Viwili vya Springi

Ochieng' mjukuu wangu,

Huku Kaloleni tu wazima. Goti la nyanya yako limepata nafuu. Unauliza kama unaweza kushusha nyuma ya pikapu yangu ya zamani, ikae chini chini kama magari ya vijana. Mimi pia niliwahi kuishusha. Nilitoa vyuma viwili vya springi, vile vinavyobeba uzito wa mzigo, nikazunguka nayo Kisumu nikiringa.

Wiki hiyohiyo jirani alifiwa na mamake, akaomba pikapu imbebe marehemu hadi Seme, akazikwe nyumbani. Tulipopakia jeneza na waombolezaji, bodi ikakalia matairi. Jirani hakunilaumu. Aliwashusha watu wake, wakatembea nyuma ya mama yao wakiimba, nami nikaendesha polepole mbele yao.

Ishushe ukitaka, sasa gari ni lako. Ila vile vyuma, ambavyo nilivirudisha baadaye, ukivitoa usivitupe. Ipo siku jirani atapiga hodi.

Babu yako