Makali ya Upande wa Kushoto

Mhina, ndugu yangu,

Kitanda chako hapa kambini amepewa mtu wa Singida. Anakoroma. Nakaa macho nikimchukia bure, na kosa lake ni moja tu, kwamba si wewe.

Siku tuliyokuzika kwenu Kwaluguru, mama yako alinishika mkono akasema, "Vitu vyake vya kule kambini viuze, mwanangu. Uniletee chochote utakachopata. Sitaki kuviona." Nikaitikia. Nguo zako waligawiwa jamaa zako. Likabaki godoro, redio, na kisu chako cha kukatia mkonge.

Nikuambie ukweli, nilikasirika. Nani anunue godoro lile? Kwenda gulioni Korogwe ni kuacha kazi siku nzima, na mgongo wangu unaujua. Lakini nilikuwa nimeahidi. Nikatandika gunia, nikakaa juani tangu asubuhi. Redio ilichukuliwa na fundi, anataka vipuri. Mama mmoja alilinusa godoro akasema, "Baba, hili hata mbwa wangu atalisusa." Ungekuwepo ungemjibu. Mimi nililigeuza tu upande wa pili.

Kisu walikishika wengi. Mzee mmoja mkata mkonge alikipunga hewani, akakigeuza, akakipunga tena. "Wee, hiki kimenolewa na jini? Makali yako upande siyo!" Nikamwambia mwenyewe alikuwa wa mkono wa kushoto. Akacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu ufe. Halafu nikajifunika uso kwa kofia.

Nilikumbuka tulivyokuwa tunakata mistari jirani, mikono yetu inakaribia kugongana, nawe unafoka, "Sogea, Muha! Wewe ndiye uliyeshika upande mbaya." Kwetu Kasulu ni mbali, Mhina. Hapa hakuna mwingine aliyewahi kuniita Muha nikafurahi.

Jioni akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Nilikuwa nimechoka. Nikakiweka kisu juu ya mizani. Nisamehe. Nilikiona kimelala pale, na mpini wake ulioufunga kwa mpira wa baiskeli, umebonyea pale vidole vyako vilipokaa. Nikakiondoa. Akanitukana kwamba nimempotezea muda. Eti muda wake!

Godoro nililiacha pale pale. Nilifika kwa mama yako na hela kidogo ya redio, na kisu nimekiviringisha kwenye gazeti, nikiona aibu kwa kuwa alisema hataki kukiona. Hakunigombeza. Alikifungua, akakishika kwa mkono wa kushoto, akaenda nyuma ya nyumba kukata kuni.

Mkono wa kushoto, Mhina. Miaka yote hukuniambia.

Alikata kwa muda mrefu, kuni nyingi kuliko za chakula cha siku ile. Kisha akasema bila kugeuka, "Tangu aende kwenye mkonge sijapata mtu wa kuninolea. Wote wananoa upande wao."

Nilikuwa nimekwisha kuihesabu siku ile ya gulio kuwa nimeitupa. Na kidogo tu niuze kitu kimoja kilichokuwa bado kina mwenyewe.

Kila nikipata mapumziko nitakwenda Kwaluguru kumnolea. Nimeanza kujifunza upande wako, nimeshajikata kidole mara mbili. Ungenicheka mpaka ukae chini.

Pumzika, ndugu yangu. Kisu kikiwa butu, Muha yupo.