Kosa Lilikuwa la Kiti

Chumba cha uani,
Nyuma ya duka la fundi cherehani,
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko? Shemeji na watoto hawajambo? Na kifua chako je, baridi imekiachia? Sisi huku tunasukuma siku. Mama ni mzima, goti tu ndio linamsumbua. Mimi pia mzima, ila nimechoka, macho kama nimemenya vitunguu wiki nzima. Unajua barua si kazi yangu, univumilie mwandiko.

Naandika kwa ajili ya ule wimbo uliorekodi kwangu kabla hujasafiri, na lile neno nililokuambia. Nilisema sauti yako nyembamba, haibebi wimbo. Ukacheka tu. Lakini Mama ananiambia tangu ufike huko hujaimba tena, hata kwaya wamekuita ukakataa.

Dada, ule wimbo nimeumiksi, yaani kupanga upya sauti na ngoma, mara kumi na tisa. Chumbani kwangu nausikia mzuri. Nikiupeleka kwenye redio ya Mama au spika ya kinyozi, besi inavuma buu buu, wewe husikiki. Mama alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Ngoma nimezisikia. Mwanangu yuko wapi?"

Wiki iliyopita fundi cherehani kaja kulalamika kelele. Akasimama konani, karibu na mlango. "Kijana, hiyo besi inanitingisha tumbo na chai bado sijanywa!" Mimi niko kitini katikati ya chumba, besi siisikii, ndio kwanza naiongeza. Tukabadilishana nafasi. Mama yangu! Kule konani besi imejaa kama maji kwenye pipa, na yeye pale kitini anatikisa kichwa, hasikii kitu.

Kumbe chumba chenyewe ndicho kinanidanganya. Ni cha mraba, kuta tupu, chini vigae. Besi inagonga ukuta huu, inarudi, inagonga na ule, sauti hizo zikikutana katikati zinauana. Na kiti nilikiweka katikati kabisa, nilipima kwa hatua, nikaona ndio utaalamu. Miaka miwili naongeza besi nisiyoisikia, nakufunika nayo, halafu nakulaumu wewe.

Nikamweleza fundi habari zako. Akaniangalia juu ya miwani. "Mimi suruali ikimbana mteja, simwambii akapunguze makalio. Nachukua futi, napima upya." Nilishika ufagio nikajifanya nafagia.

Basi meza tumeisogeza karibu na ukuta, kiti kimetoka katikati. Viroba vya vipande vya vitambaa vya fundi tumevipanga konani mpaka karibu na dari, vinameza besi. Halafu Mama akachukua kile kioo cha wateja wa fundi akawa anakitembeza ukutani, mimi nimekaa. Nikiiona spika ndani ya kioo, ujue hapo sauti inagonga na kunirudia, basi hapo tunatundika blanketi. Kashika kioo nusu saa na goti lake. "Ingekuwa kwa ajili yako wewe," akasema, "ningeshakaa zamani."

Sijamaliza. Kuna noti moja bado inanguruma kama jenereta, sijui niifanyeje.

Ila jana nilipunguza besi, sauti yako sikuigusa. Mama akauweka wimbo kwenye redio jikoni, anachambua mchele. Kabla ya ubeti wa pili mikono yake ikasimama. Hapo unavuta pumzi, Dada. Miaka yote hii sikuwahi kuisikia. "Bado anavuta pumzi vile vile," akasema, "kama anataka kuniomba kitu." Akaparudia hapo hapo mara tatu.

Nisamehe. Sauti yako haikuwa na kosa. Ukipata nafasi, ingia kwenye kabati la nguo, makoti yakuzunguke yameze mwangwi, uimbe kwenye simu ule ubeti wa tatu niliosema tuukate. Usipoweza, sitauliza.

Msalimie Shemeji, na yule wa mwisho anayeniita Mjomba Kimya. Fundi anakusalimu, gauni lako la bluu bado analitunza. Mama anasema Mungu akulindie kifua na koo, hasa koo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, kiti nimekisogeza,

Kimya